Unga Njiani: Maswali Yenu Kuhusu Kusafiri Kwenda Kukimbia Hash

Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita niligusia tu kwenye aya moja kwamba nilikimbia na watu wa Hash kule Kuala Lumpur, basi meseji zikamiminika. Kwa ambao hawakusoma, Hash House Harriers ni vikundi vya watu wanaokutana kila wiki, mmoja au wawili wanatangulia kuweka alama za unga au karatasi porini na mitaani, wengine wote wanafuata kwa kukimbia au kutembea, mwisho mnasimama duara mnakunywa, mnaimba, mnakula. Hakuna medali wala saa ya kupima. Vikundi viko karibu 2,000 duniani, na sehemu nyingi sana mgeni anapokelewa kama ndugu aliyekawia tu kufika. Leo nafasi yote nimewapa nyie.

Anti shikamoo. Mi ni dada nko Tanga, nna miaka 29, ofisi inanipeleka Kuala Lumpur wiki tatu kwenye mafunzo. Tangu nisome ile aya yako silali, nataka nikimbie na kile kikundi cha kwanza kabisa, kile mama wa vyote. Nianzie wapi na nibebe nini?
*Msomaji wa Ngamiani, Tanga*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikwambie jambo litakalokuuma kidogo, afadhali likuume ukiwa Tanga kuliko ukiwa umeshafika kule na raba mguuni: kile kikundi cha kwanza, wenyewe wanakiita Mama Hash, ni cha wanaume tu. Kinakimbia Jumatatu jioni, kama ilivyokuwa Disemba 1938 pale Waingereza waliokuwa wanafanya kazi Malaya, ndo nchi ile ilivyoitwa zamani, akiwemo mhasibu mmoja anaitwa Gispert, walipoamua kutoa jasho la pombe za wikendi kwa ule mchezo wao wa zamani wa kufukuzana kwa kufuata vipande vya karatasi. Walikuwa wanakula kwenye jengo la Selangor Club ambalo kwa utani waliliita Hash House, kwa sababu ya chakula chake cha kuchosha, ndo jina likaganda mpaka leo. Gispert mwenyewe aliuawa vitani Singapore Februari 1942, wenzake waliobaki wakakusanyana baada ya vita wakaanza upya. Nakusimulia haya kwa sababu ukikaa nao jioni utayasikia, na mgeni anayejua mwenye nyumba alitokea wapi anapendwa haraka.

Wewe watafute Harriettes, hicho ndo kikundi cha wanawake cha hapohapo Kuala Lumpur, halafu kuna vikundi vya mchanganyiko tele, mji ule karibu kila siku ya wiki kuna watu wanakimbia mahali. Piga hodi mapema. Wiki mbili kabla andika meseji fupi: jina lako, unatoka Tanga, utakuwepo tarehe fulani hadi fulani, unakimbia kilomita nane taratibu, huna usafiri, unaomba kujua wanakutana wapi. Hilo la usafiri liseme wazi usione haya, kwa sababu mahali pa kukutania panabadilika kila wiki na mara nyingi ni nje ya mji, ukingoni mwa msitu ambako kurudi usiku bila gari ni shida. Mara nyingi kuna mtu atakujibu nakupitia saa kumi na moja.

Na siku yenyewe asubuhi uliza tena. Mimi mji mmoja wa Ulaya nilijifanya najua, nikaenda na anwani niliyoandika wiki mbili nyuma, teksi ikanishusha kwenye maegesho matupu, mvua inanyunya, nikasubiri dakika arobaini nikiangalia kila gari linalopita. Wao walikuwa kilomita kumi upande wa pili wa mji, walihamisha jana yake. Kosa lilikuwa langu, nilibisha hodi mara moja nikadhani inatosha.

Sasa msitu. Kule Malaysia wanatumia sana karatasi badala ya unga, maana mvua yao ikishuka unga unageuka uji ukapotea. Mnaanza kama saa kumi na mbili jioni, na saa moja na nusu giza limeingia, chini ya miti linaingia mapema zaidi, kwahiyo tochi ya kichwa ni lazima na filimbi shingoni. Soksi ndefu kwa ajili ya ruba. Ruba akikung'ang'ania usimwagie chumvi wala usimchome na kiberiti, ingiza ukucha pembeni pale mdomo wake uliposhika umsukume, atoke, kidonda kitavuja damu kidogo kisha kitakauka. Kinachonitia wasiwasi mimi sio ruba, ni mitaro na vijito. Unakumbuka homa ya mgunda iliyotokea Lindi 2022? Ugonjwa ule uko na Malaysia pia, unakaa kwenye maji na matope yenye mkojo wa panya na wanyama wengine, unaingilia kwenye mikwaruzo, na kwenye Hash utakwaruzika tu. Vidonda vifunike kabla ya kwenda, ukirudi oga kwa sabuni papo hapo, na ukipata homa kali na maumivu ya misuli hata wiki mbili tatu baada ya kurudi nyumbani mwambie daktari kwamba ulikimbia kwenye maji ya msituni. Usisubiri akuulize.

Makaratasi: kadi ya njano ya homa ya manjano ibebe, chanjo uwe umechoma siku 10 kabla ya safari, ukishachoma ni ya maisha. Na ile fomu ya kuingia Malaysia inajazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, ni bure, ukikuta mahali wanakuomba hela ya kuijaza ondoka hapo.

Habari yako mama. Mimi niko Ruaka, niko na miaka 53 na kilo zangu ni 96. Wasichana wa ofisi wamepanga twende Kampala long weekend halafu tuunganishe na Hash yao ya Jumatatu. Mimi natembea tu, sikimbii. Naogopa kuachwa nyuma kwa mji wa watu. Ama nikae tu kwa hoteli niwangoje?
*Mama wa Ruaka*

Usikae hotelini dada yangu, tafadhali. Ngoja nikuoneshe hii kitu ilivyotengenezwa, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili yako.

Mnaondoka mnafuata nukta za unga, konzi moja hapa, hatua mia mbele nyingine. Wenye miguu myepesi wameshapotea. Alafu mnafika njia panda, chini kuna duara kubwa la unga. Hiyo ndo cheki. Hapo alama zimekatika, njia inaweza kuendelea upande wowote, na aliyeziweka, wanamwita hare, yaani sungura, amefanya hivyo makusudi. Wale wepesi lazima watawanyike kutafuta, mmoja anapanda kilima, mwingine anaingia kichochoro cha nyuma ya maduka, anaona nukta moja, ya pili, moyo unamdunda, kisha anakuta alama ya kwamba umedanganywa, rudi. Anarudi. Huku nyuma wewe unatembea zako na maji mkononi, unafika pale kwenye duara unakuta nusu ya msafara bado imesimama, mtu anapaza sauti "Are you?", kutoka mbali wanajibu "Checking!", dakika zinaenda, mpaka mmoja apige ukelele "On On!" ndo wote wanaelekea huko. Aliyekimbia kilomita tisa na aliyetembea tano mnafika mwisho mmepishana kidogo tu. Sungura akisifiwa anasifiwa kwa hilo, kwamba wa kwanza na wa mwisho wake waliingia karibu karibu.

Mara ya kwanza nakimbia Kampala nilimkuta mzee mmoja pale kwenye cheki amesimama tu, mikono nyuma, hakwenda popote. Nikamuuliza mbona hutafuti, akanionesha bonde kwa kidevu, akasema gari la vinywaji haliwezi kushuka kule, lazima limeegeshwa juu kwenye lami, kwahiyo njia itarudi juu tu, hawa vijana watatukuta. Tukaenda taratibu kwenye ile lami, tunaongea habari za wajukuu zake, na kweli dakika kumi baadaye "On On" ikasikika mbele yetu, vijana wanapanda kutoka bondeni wamelowa tope hadi magotini. Nilifika kati ya watu kumi wa mwanzo na sikukimbia hata hatua mia.

Kabla hamjaondoka kaa karibu kabisa na anayeeleza alama, maana kila mji una alama zake, msalaba wa huku unaweza kuwa na maana tofauti na wa kwenu, na usiposikiliza hapo utateseka njia nzima. Uliza pia kama leo kuna njia ya watembeaji na nani anafagia nyuma, yaani nani anatembea na wa mwisho, umjue kwa sura na uwe na namba yake. Kampala ni vilima na udongo mwekundu, mvua ikinyesha unateleza kama sabuni, vaa viatu vyenye meno, mteremko mkali shuka kwa upande magoti yasibebe kilo zote. Kitambulisho cha taifa cha Kenya kinatosha kuvuka Busia au Malaba, ila kadi ya njano usiiache mezani. Na Jumatatu ombeni ruhusa kazini kabisa.

Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Unguja, nimekaa Muscat miaka mingi, umri wangu sitini na moja. Kijana wangu anakimbia Hash na anataka twende pamoja kwenye mkutano wao mkubwa wa dunia. Kutembea napenda sana. Lakini nasikia kuna ulevi, nyimbo za matusi na watu kupewa majina yasiyofaa. Nikienda nitakaa vipi na dini yangu?
*Baba wa Muscat*

Waalaykum salaam baba, shikamoo. Ulivyosikia sio uongo na sitakuficha. Pombe ipo tangu mwanzo, hata walipoandikisha kikundi kule Kuala Lumpur 1950 waliweka kwenye malengo yao kwamba mtu apate kiu nzuri kisha aitulize kwa bia. Nyimbo nyingi ni chafu kweli. Majina ya Hash, wanampa mtu akishakimbia mara kadhaa, mengine ni ya utani mzuri na mengine siwezi kuyaandika hapa.

Lakini lengo jingine kwenye orodha ileile ya 1950 lilikuwa kuwaonesha wanachama wenye umri kwamba hawajazeeka kiasi wanavyojihisi, na hilo ndo linakuhusu. Mimi sinywi, miaka yote hii. Kwenye duara mgeni anaitwa mbele anapewa kikombe anywe mfululizo wenzake wakiimba, inaitwa down-down, na mimi nimenywa kwa maji, kwa soda ya tangawizi, mara moja kwa maji ya dafu, na nikipewa bia huwa naimimina chini, desturi yao inaruhusu. Cha muhimu ni kusema kabla. Duara linaongozwa na mtu maalum, mfuate mapema, mwambie kwa adabu mimi situmii kilevi, na jina nikipewa naomba liwe ambalo naweza kulitaja mbele ya wajukuu. Sijawahi kukataliwa. Likija usilolitaka kataa palepale, usicheke ukaliacha, maana likishapita litakufuata nchi zote. Na duara likianza kuchafuka unaruhusiwa kuaga. Unatembea, unakula, unaaga, hakuna atakayekushika kanzu.

Huo mkutano wa dunia, InterHash, ulianza Hong Kong 1978 na kwa kawaida ni kila baada ya miaka miwili, 1998 ulirudi Kuala Lumpur kusherehekea miaka 60, 2016 ulikuwa Bali. Maelfu ya watu wanakuja. Njia zinakuwa nyingi, fupi na ndefu, mabasi yanawapeleka, unachagua. Kwa mara ya kwanza mimi ningekushauri msianze na huo, kelele zake ni kubwa na muziki unakesha. Anzeni na kikundi cha familia, vipo vya kubeba hadi watoto, mwende wikendi moja tu uone moyo wako unasemaje. Magharibi mara nyingi itakukuta katikati ya njia, mwambie sungura mapema akupe njia fupi au akuoneshe pa kukatisha.

Na ukiwa unajizoeza hapo nyumbani, mabonde ya wadi, yaani mito mikavu ya huko, ni mazuri sana kutembea lakini mawingu yakionekana juu ya milima usiingie hata kama kwako ni jua kavu, maji yanakuja bila taarifa. Hilo unalijua kuliko mimi, nakukumbushia kijana wako. Na wageni wakija Oman waambie kwamba kunywa hadharani ni kosa la kisheria huko, wasilete mazoea ya kwao.

Anti, mimi sina swali la safari. Nina swali la unga. Watu wanalala njaa na nyie mnamwaga unga barabarani mnaita mchezo? Bibi yangu angewachapa.
*Msomaji, Dodoma*

Bibi yako angekuwa na haki. Nimelelewa kuokota punje ya mchele iliyoanguka kwenye mkeka na bado nikiona konzi ya unga kwenye vumbi kitu kinanichoma. Nimewaambia wenzangu hivo na mimi nikiwa sungura situmii unga unaolika, natafuta ulioharibika, wa mende, ambao mashine wanautupa, au chaki mjini na vipande vya karatasi porini ambavyo narudi kuviokota. Kuna wanaotumia chokaa, mi naiogopa, inaunguza macho, na watoto wanaichezea.

Kuna sababu nyingine ya kufikiria unga unapokuwa ugenini. Mwaka 2007 kule New Haven, Connecticut, Marekani, watu wawili wa Hash waliweka alama za unga kwenye maegesho ya duka kubwa la fanicha, mtu akaona poda nyeupe isiyojulikana, watu wote wakatolewa dukani na wale wawili wakafunguliwa mashitaka. Kwahiyo ukiombwa kusaidia kuweka njia kwenye nchi ya watu uliza kwanza nani ametoa ruhusa, mlinzi wa eneo anajua au hajui, na kwenye viwanja vya ndege, stesheni na madukani usidondoshe hata chembe. Hapo chaki inatosha.

Mambo vipi anti. Kuna jamaa hapa Kariakoo anasema ana mwaliko wa Hash ya Ujerumani na kwa milioni nne ananitafutia viza, nikifika huko nitajua mwenyewe. Mi mbio nakimbia kweli, mwaka wa pili sasa. Nimpe?
*Kijana wa Mbagala*

Usimpe. Hata laki.

Mdogo wangu, mwaliko wa Hash ni kitu cha bure. Unajiandikisha kwenye wikendi yao, unalipa kiingilio chao kinachogharamia chakula na malazi ya pamoja, wanakutumia risiti, basi. Risiti hiyo inasaidia kuonesha unaenda kufanya nini, ila haina nguvu ya kumwamrisha ofisa wa ubalozi chochote, na hamna kikundi cha Hash chenye mamlaka ya viza. Viza ya Schengen, ndo ya Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, unaiomba mwenyewe, mapema mpaka miezi 6 kabla na isipungue siku 15, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kurudi, na unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ongeza barua ya kazi au usajili wa biashara yako, taarifa za benki za miezi kadhaa, picha zako za Hash ya Dar ukitaka. Wanataka kuona kitu kitakachokurudisha.

Hilo la nitajua mwenyewe ndo limenikosesha amani. Mwenyeji aliyekuandikia jina kwenye orodha, akakupokea, akakulaza sebuleni kwake, siku ya Jumatatu asubuhi akikuta godoro tupu, mwaka unaofuata kijana mwingine wa Temeke akiandika hodi hajibiwi. Nimeshuhudia hilo, na niliyejisikia aibu ni mimi niliyemtambulisha.

Kama milioni nne unayo kweli, anza na Nairobi, Kampala, Kigali. Kwa hela hiyo unazunguka zote tatu, na pasipoti yako inapata mihuri ya mtu aliyekwenda akarudi.

Dada, nakuja Kigali kutokea Bukoba kukimbia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kuna la kujua?
*Msomaji wa Bukoba*

Kuna umuganda kaka. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi nchi nzima inafanya kazi za jamii, magari hayatembei, kwahiyo usipange kufika wala kuanza kukimbia muda huo, shika jembe na wenyeji, mchana ndo uulize habari za njia. Nguo mbichi zirudishe kwenye mfuko wa kitambaa, mifuko ya plastiki kule ilipigwa marufuku tangu 2008. Na pumua taratibu siku ya kwanza, mji uko juu, kama mita 1,500, ingawa wewe wa Bukoba utauona ni jirani tu.

Shikamoo mama. Binti yangu ana miaka 23, anataka kwenda Thailand peke yake kukimbia na hawa watu, na anasema atalala kwa mwanachama wa huko ambaye hajawahi kumuona. Baba yake amekataa kata kata. Mimi sijui nimwambie nini.
*Mama wa Morogoro*

Marahaba. Ninaelewa moyo wako, na ninaelewa na wa binti.

Kulazana majumbani ni desturi ya zamani kwenye Hash na mimi nimelala kwa watu wema sana, mmoja aliamka saa tisa usiku kunipikia mayai kabla ya ndege. Lakini kuna jambo moja ambalo wageni wanalisahau: kule watu wanajuana kwa majina ya utani tu. Binti anaweza kuwa anaongea na mtu miezi mitatu, anacheka naye, anampenda kama kaka, na jina lake la kweli halijui. Hilo kwanza. Aombe jina kamili, anwani, namba ya simu, amwambie wazi ni kwa ajili ya mama yangu. Mwenyeji mzuri hatakasirika, mwenyeji akikasirika umeshapata jibu.

Pili, asimuulize huyo mtu kuhusu huyo mtu. Kila kikundi kina uongozi, kuna mkuu na kuna mtunza hela, awaandikie wao, hasa awatafute wanawake wa kikundi hichohicho, aulize ningekuwa mdogo wako ungeniacha nilale pale? Wanawake wa Hash wanaambizana ukweli.

Usiku wa kwanza na wa pili alale hosteli aliyoilipia mwenyewe, ahudhurie njia moja ya mchanganyiko kukiwa bado mchana, amuone mwenyeji kwa macho akiwa katikati ya watu wake, ndo aamue kama anahamia. Hela ya hosteli ya siku zote awe nayo pembeni hata kama hataitumia, kwa sababu msichana asiye na hela ya kuondoka anakaa mahali ambapo angeshaondoka. Tiketi ya kurudi iwe na tarehe. Akiwa njiani aweke simu ioneshe alipo, na kwenye duara kikombe chake akijaze mwenyewe na asikiache chini.

Baba yake usimpelekee hoja, mpelekee karatasi. Mwambie binti aandike kwa mkono: majina, namba, anwani, siku gani atakuwa wapi, ndege ipi. Aiweke mezani baada ya chakula cha jioni, na wewe kaa hapo hapo wakati baba anaisoma.